Ruhusa ya Ua la Verbena

Mkunazini, Mji Mkongwe
Alkhamisi, 11 Januari 2024

Kwa Bi Naznin Juzer Tayabali,
Kituo cha Walimu, Chwaka.

Assalaamu alaykum.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako nimeifungia, na kile kikundi chetu cha mafundi nimetoka. Barua anakuletea Ubwa, maana kila Alkhamisi anapeleka chaki na karatasi huko kituoni kwenu. Kama una la kujibu, mpe yeye.

Naanza kwa hongera. Juzi asubuhi Mwalimu Sichana alikuja dukani kuchukua kompyuta yake, akaniambia, "Fundi, umeona? Naznin kapewa ruhusa na watu wa Verbena." Nikamwambia nshaona. Nilikuwa sijaona. Alipotoka nikafungua ukurasa wa Taasisi yao, nikakuta imeandikwa kwamba ruhusa ya kutumia jina la Verbena na nembo ya ua kwenye kisakinishi cha Unguja imetolewa kwa Naznin Juzer Tayabali. Nikasoma tena nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka mstari.

Miaka sita nimekaa nakiunda kisakinishi hicho, cha kuingizia programu ya Verbena kwenye kompyuta za skuli. Wewe unajua, ulikuwa umekaa kigoda cha pili. Flashi moja tu, mwalimu anaichomeka kwenye kompyuta iliyochoka, bila intaneti na bila fundi, na baada ya dakika ishirini watoto wana maktaba na masomo yao. Programu yenyewe ya Verbena ni huria, kila mtu aichukue, aibadilishe, aigawe. Jina na ua ndivyo vyenye mwenyewe, na mwenyewe ni Taasisi, na bila ruhusa yake kazi yangu lazima itembee bila jina.

Sasa mimi sikulelewa kujiombea. Mke wangu niliposewa na mjomba wangu, na mjomba naye aliposewa na mtu mwingine. Ndiyo nikakwambia mwezi wa kumi na moja, nenda ukaniombee, Kiingereza chako kimenyooka, na mimi kukaa kuisifu kazi yangu mwenyewe naona haya. Nimekutuma ushenga, Bi Naznin, na harusi umeifanya kwako.

Nimeona wivu. Nalisema mapema ili usije ukasikia kwa watu.

Masoud Mbarouk Hamid
Fundi


Chwaka
18 Januari 2024

Shikamoo Fundi,

Wa alaykum salaam. Barua yako Ubwa alinipa mbele ya walimu, nikaiweka chini ya rejista nikaisoma walipoondoka. Uliniita Bi Naznin mara mbili. Tangu nikiwa na miaka kumi na tisa hujawahi kuniita hivyo, hata siku nilipounguza ule ubao wa kompyuta ya skuli.

Nakueleza ilivyokuwa. Fomu ya Taasisi ina nafasi moja tu ya jina, na anayeandika ndiye anayepewa. Wao hawana mshenga. Mimi niliandika, nikajieleza, nikaeleza kazi yako kurasa tatu nzima, na majibu yakarudi kwa jina langu. Nilipouliza kama ruhusa inaweza kuhamishwa, wakasema haihamishwi, haigawiwi, haiazimwi. Inadumu mwaka mmoja.

Lakini kisakinishi ni chako, Fundi, hilo halikuguswa. Ruhusa ni ya jina na ua peke yake. Tarehe 9 Machi, Jumamosi, skuli arubaini zinakuja hapa Chwaka kuchukua flashi zao, na Wizara inatuma mtu. Nataka wewe ndiye usimame mbele uwaonyeshe. Mimi nitakaa nyuma na walimu wangu.

Baba anakusalimu. Anasema saa yake ya ukutani imesimama tena na hamwamini mtu mwingine.

Naznin


Mkunazini
25 Januari 2024

Bi Naznin,

Marahaba.

Saa ya mzee Juzer nimekwenda kuitengeneza jana dukani kwake. Yeye hana kosa. Alinipa chai, akanionyesha ule ukurasa wa Taasisi ameuchapisha na kuutia kwenye fremu, umening'inia juu ya mabunda ya vitambaa. Akaniambia, "Fundi, kazi ya mikono yako hiyo, wewe ndiye uliyemfundisha." Nikasema naam. Nikapanda ngazi nikatengeneza saa, na muda wote ile fremu inanitazama usoni.

Unasema nisimame mbele. Nisimame kama nani? Msaidizi wa mwenye ruhusa? Jumatatu nilikuwa kwa kinyozi, redio imewashwa, nikakusikia ukihojiwa. Ulizungumza robo saa. Nilikuhesabia: kisakinishi ulikitaja mara kumi na moja, Chwaka mara sita, walimu wako sijui mara ngapi, na mimi mara moja. "Fundi mmoja wa mjini aliyeanza kazi hii." Fundi mmoja. Kinyozi akasema, "Huyu binti wa Kihindi ana akili kweli." Nikamwambia aangalie wembe wake.

Usiku sili vizuri, na mchana nikimwona mtu ameshika flashi nataka kumuuliza kaipata kwa nani. Mke wangu anasema mtu angedhani nimeibiwa mke wa pili. Anacheka. Mimi sicheki.

Sasa nikuambie nilichofanya, nisiwe kama watu wengine wanaofanya mambo kimyakimya. Nimetoa flashi tatu kwa skuli tatu, moja Kiwengwa na mbili hapa mjini. Nimezibandika jina la Verbena na lile ua la zambarau lenye petali tano, kubwa, rangi zote. Ruhusa sina. Mwenye ruhusa na anishitaki.

Masoud


Chwaka
1 Februari 2024

Shikamoo Fundi,

Mwalimu wa Kiwengwa alifurahi sana na flashi yako, akaipiga picha, akaiweka mtandaoni na kuwashukuru Taasisi kwa jina. Siku mbili baadaye wameniandikia. Wanasema kuna flashi zenye ua zisizoandikishwa, na kama mwenye ruhusa hawezi kuulinda ua, ruhusa itafutwa na Unguja haitapewa nyingine mwaka huu.

Nimewajibu kwamba zile flashi zimetoka chini ya mkono wangu, na kosa la kutoziandikisha ni langu. Wamenisamehe mara hii.

Nimechoka, Fundi. Nimechoka kuwa mwizi kwa mtu aliyenifundisha kushika bisibisi. Basi nimeirudisha ruhusa. Jana nimewaandikia kwamba siitaki tena, na wamethibitisha kuwa leo hii ruhusa haina mtu. Ukiitaka, iombe mwenyewe, kwa jina lako, kwa mkono wako. Kiswahili wanapokea, wana wafasiri wa kujitolea. Kwa kawaida wanajibu baada ya wiki mbili.

Ukumbuke tu kwamba ikifika tarehe 9 Machi bila ruhusa, skuli arubaini zitarudi mikono mitupu. Mimi flashi yenye ua bila ruhusa siitoi, na Wizara imeshasema flashi isiyo na jina hawaipokei.

Naznin


Mkunazini
8 Februari 2024

Naznin,

Nimejiposea.

Nilikaa siku tatu na fomu hiyo. Pale panaposema "eleza kazi yako" nilitoka nje mara nne, nikaenda mpaka Darajani nikarudi. Mwishoni nikaandika kama ninavyomweleza mteja: tatizo lilikuwa hili, nilifanya hivi, sasa inafanya kazi. Nikaambatanisha kisakinishi chote na kumbukumbu zake zote za mabadiliko tangu siku ya kwanza, ili waone mwanamume alivyotoka jasho.

Flashi tatu nimezikusanya. Ya Kiwengwa nilikwenda mwenyewe. Yule mwalimu alidhani nina wazimu.

Umeirudisha ruhusa. Nilitarajia uing'ang'anie, nipate sababu ya kuendelea kukasirika. Ahsante basi. Simu yako nimeifungulia, ila usinipigie kwanza, bado nikiliona jina lako moyo unafanya kitu nisichokipenda.

Jambo moja limenishangaza. Ile fomu ina nafasi mbili za majina. Pengine wameibadilisha.

Masoud


Taasisi ya Verbena
Kamati ya Jina na Nembo
16 Februari 2024

Kwa Bwana Masoud Mbarouk Hamid,

Tunakushukuru kwa ombi lako la tarehe 6 Februari. Kisakinishi chako ni kazi nzuri, na tungependa kukipa jina letu. Kabla ya hapo tuna jambo moja.

Leseni ya programu huria inamruhusu kila mtu kutumia, kubadilisha na kugawa kazi hii, kwa sharti moja: majina ya wote walioitengeneza yabaki ndani yake. Kama unavyojua, kila badiliko katika kisakinishi huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu yake, na kumbukumbu hizo hazifutiki. Tumezipitia. Tarehe 9 Septemba 2021, kwa akaunti yako, jina la Naznin Juzer Tayabali liliondolewa kwenye orodha ya watengenezaji. Sababu iliyoandikwa ni neno moja: "Usafi." Kazi aliyoiandika haikuondolewa. Sehemu yote inayowezesha kompyuta za zamani kuwaka ni yake, na bado imo.

Tulimuuliza Bi Tayabali jambo hili mwezi Novemba. Alijibu kuwa jina lake lilifutika kwa bahati mbaya, kwamba wewe ni mtu mwaminifu, na kwamba litarudishwa. Halijarudishwa.

Tunaomba maelezo yako kwa maandishi, na kwenye kumbukumbu za kisakinishi chenyewe. Bila hayo hatuwezi kutoa ruhusa.

Kwa heshima,
Kamati


Mkunazini
22 Februari 2024

Naznin, mwanangu,

Nakuwekea nakala ya barua ya Kamati ndani ya bahasha hii. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Ulijua. Tangu Novemba ulijua, na ukaniandikia shikamoo, na ukabeba kosa la flashi zangu tatu, na mimi nikakuita mshenga mbaya. Niliposoma barua hiyo nilifunga duka saa nne asubuhi. Watu walidhani kuna msiba.

Nakueleza, kwa sababu kumwambia mtu mwingine siwezi. Unaikumbuka ile Jumatatu ya Septemba? Miezi mitano nilikuwa nahangaika na zile kompyuta za zamani, zinakataa kuwaka. Nikawaambia walimu haiwezekani, kompyuta hizo ni za kutupa. Wewe ukakaa na moja baada ya sala ya adhuhuri, na alasiri ikawaka. Walimu wanne walikuwepo dukani. Wakapiga makofi. Mmoja wao, Bi Mwanapili, akasema, "Fundi, mwanafunzi kashakupita." Nikacheka nao. Nilikununulia bakuli la urojo, unakumbuka, nikakwambia ule ushibe. Nao urojo wangu nikauacha mezani.

Alkhamisi yake ukanijia na barua ya kazi ya Chwaka. Nikakwambia hongera, nenda. Ulipoondoka nikafungua orodha ya majina na kulifuta lako. Nikaulizwa sababu, maana kile chombo hakikubali badiliko bila sababu, nikaandika "Usafi." Nikajiambia kwamba mtu akiondoka jina lake linaondoka naye, nikajisahaulisha mpaka kumbukumbu nikazipeleka Taasisi mwenyewe. Kazi yako sikuifuta kwa sababu bila hiyo kazi kisakinishi changu hakiwaki. Nilijua hivyo wakati kidole kiko kwenye kitufe.

Kwa hiyo ule wivu niliokuandikia Januari haukuwa wa Januari. Ulikuwa na miaka miwili na miezi. Nilikasirika umeniibia jina, kwa sababu kuiba jina ni kitu ninachokijua kinavyofanywa.

Jumanne nimelirudisha. Nimeandika kwenye kumbukumbu, mahali ambapo dunia nzima inasoma na hapafutiki:

"Nimerudisha jina la Naznin Juzer Tayabali. Nililifuta mimi, tarehe 9 Septemba 2021. Sababu niliyoandika siku ile haikuwa kweli. Sababu: wivu."

Nilibonyeza nikabaki nimekaa. Mke wangu akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akasoma kioo cha kompyuta, akaniwekea mkono begani, hakucheka.

Kamati nimewaandikia hayohayo. Wakininyima ruhusa ni haki yao, na skuli arubaini nitakwenda kuziomba radhi moja moja. Lakini wewe nakuomba sasa. Ramadhani inaingia, na nyinyi kwa kalenda ya madhehebu yenu mnaanza kabla yetu, kwa hiyo sitaki nichelewe. Uniwie radhi.

Masoud


Chwaka
29 Februari 2024

Shikamoo Fundi wangu,

Radhi unayo. Sasa nisikilize na mimi, maana umeniomba msamaha kabla ya kujua unamwomba nani.

Fomu haikubadilishwa. Ilikuwa na nafasi mbili tangu mwanzo, moja ya anayeandika, na moja ya atakayepewa ruhusa. Nilikudanganya. Kwenye nafasi ya pili niliandika jina lako, Masoud Mbarouk Hamid, nikaendelea. Chini wanataka orodha ya watengenezaji. Nikafungua orodha nikainakili, na nikajitafuta. Nikadhani nimeruka mstari. Ndiyo nikaingia kwenye kumbukumbu, nikakuta tarehe, na akaunti, na lile neno.

Usafi. Ningelikuta neno jingine lolote ningelia nikanyamaza. Mimi nilikufagilia duka lile mwaka mzima kabla hujaniruhusu kushika kompyuta, Fundi, na ukaja kuniandika kama taka.

Nikarudi juu kwenye fomu. Nikalifuta jina lako, nikaandika langu. Halafu Kamati walipouliza nikawaambia kwamba wewe ni mtu mwaminifu, na jina langu lilifutika kwa bahati mbaya. Nilisema hivyo si kwa kukustiri. Nilitaka nibaki mimi peke yangu ninayejua, ili kila utakaponilaumu nikutazame na kukuhurumia. Kukuhurumia kulinipendeza.

Na kwenye redio sikusahau jina lako. Lilikuwa mdomoni. Nikasema fundi mmoja.

La mwisho ndilo baya zaidi. Nilipokuambia uombe mwenyewe, nilijua Kamati itafungua kumbukumbu, na nilijua watakachokikuta. Ningeweza kukuonya kwa mstari mmoja. Nilikaa nao ule mstari, nikampa Ubwa bahasha bila kuuandika. Ukaniandikia ahsante. Hiyo ahsante sijaweza kuisoma mara ya pili.

Wivu wako ni wa mtu aliyepitwa. Wangu ni wa mwanafunzi aliyetaka mwalimu wake aone fahari, akaona anaonewa haya. Mwenyewe sijui upi una kheri.

Sasa mambo ya kazi. Jana Kamati wametuandikia sote wawili, angalia kompyuta yako. Wamesoma ulichokiandika kwenye kumbukumbu, na wanasema katika miaka yao yote hawajakuta sababu ya namna hiyo. Ruhusa wako tayari kuitoa kwa majina mawili, kwa sharti tutie saini karatasi moja, kwamba kwa mwaka mzima hakuna kati yetu atakayetoa flashi bila mwenzake kujua. Karatasi imo humu ndani. Mimi nimeshatia saini. Nafasi yako nimeiacha juu ya yangu. Ukimpa Ubwa wiki ijayo itafika hapa tarehe 7, nitaituma siku hiyohiyo, na Jumamosi skuli hazitarudi mikono mitupu. Utasimama mbele. Nami nitasimama mbele, sikai nyuma tena.

Jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako. Leo asubuhi nimeingia kwenye kisakinishi chetu, nikaongeza mistari miwili chini ya ile yako, nayo haifutiki:

"Mwezi Novemba 2023, kwenye fomu ya ruhusa, nililifuta jina la Masoud Mbarouk Hamid nikaandika langu.
Sababu: hiyo hiyo."

Naznin